Mbuzi wa Kumrudisha Binti Yangu

Ule ulikuwa mwaka tuliokula mbegu. Si mbegu za duka, mbegu zangu mwenyewe, kunde na mbaazi na mahindi niliyoyachagua kwa mkono punje kwa punje, nikayachanganya na majivu ndani ya mtungi ili fukusi wasiingie. Mvua ilikuwa imetudanganya msimu baada ya msimu. Inakuja, inanusa udongo, inaenda zake. Mbuzi walikufa mmoja mmoja, wengine wakiwa wamejiegemeza kwenye ua kama walevi. Basi nikamwaga mbegu kwenye karai, nikaosha majivu, maji yakawa meusi, nikaosha tena, nikabandika sufuria. Mzee wangu alikula bila kuniangalia. Mtu akila mbegu zake huwa hana la kusema. Wajukuu, watoto wa kijana wangu aliyeenda kutafuta kazi, ndio waliofurahi. Waliniuliza, "Susu, kwani siku zote ulikuwa unatuficha chakula?"

Hapa Tseikuru ukisema mwaka wa mbegu hakuna atakayekuuliza ni upi. Na mwaka huo huo ndio binti yangu alirudi nyumbani akiwa amevunjwa taya.

Yeye ndiye kitinda mimba wangu. Aliolewa Nunguni, kule Makueni juu kwenye baridi, mahali ambapo ukitupa kokwa la parachichi nyuma ya nyumba linaota bila kuombwa. Siku walipoleta mbuzi wa ntheo, wale mbuzi ambao bila wao Mkamba hawezi kusema ana mke, wanawake wa hapa waliniimbia kwamba nimezaa mtoto mwenye macho, ameyaona maji kutoka mbali. Nilicheza mpaka vumbi likanifika kiunoni. Mimi ni mtu wa kujivunia watoto wangu na sijifichi. Na mkwe mwenyewe alikuwa shemasi. Akiomba, sauti yake inatetemeka mpaka wewe uliyekuja na mawazo yako unayasahau. Ana shati jeupe ambalo sijui huwa analifulia wapi, halijui vumbi.

Sasa niseme kilichovunja taya, maana watu wamesema mengi. Binti yangu alisikia huko kwamba tunakula mbegu. Akapima maharagwe gorogoro mbili kutoka gunia la nyumba yake, akayafunga kwenye mfuko, akampa dereva wa lori anayekuja mnada wa mbuzi hapa kwetu. Tuliyapata. Tuliyala. Sitadanganya, yalikuwa matamu. Nilichanganya na mahindi yaliyobaki tukala isyo ya kushiba, na mzee wangu akasimama, akavua kofia, akamwombea mkwe wetu baraka kwa ukarimu wake. Siku hizo tulizokuwa tukimwombea, yeye alikuwa anauliza gunia limepungua kwa nini. Alipojibiwa, alichukua mpini wa jembe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtoto wangu alipigwa kwa kile kilichokuwa tumboni mwangu.

Hospitali walimfunga meno na nyaya, ya juu na ya chini pamoja, wakamwambia ale kwa mrija mpaka mfupa ushike. Alishuka barabarani akiwa amejifunga leso usoni, mfuko mmoja mkononi. Mtoto wake hakuwa naye. Ana msichana mdogo ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Alinyang'anywa mlangoni, wakamwambia mbuzi wa ntheo walilipwa wote, mtoto ni wa boma hilo. Nilimwendea chifu. Chifu alisema haya ni mambo ya nyumba, tukae chini tuzungumze. Nikamwambia binti yangu hawezi kuzungumza, amefungwa nyaya. Akasema tungoje zifunguliwe.

Sasa mtu wa mrija utamlisha nini mwaka wa mbegu? Niliponda kunde nikachuja, akanywa maji ya kunde. Alianza kuisha kama mshumaa. Pale sokoni kuna mama mmoja Mwislamu, watu wao walikuja kutoka upande wa kaskazini mashariki zamani kwa biashara ya mifugo, yeye ana duka la unga na sukari. Aliniona ninachuja kunde kwenye kitambaa. Kesho yake akanitumia chupa ya maziwa ya ngamia, na kesho yake tena.

Nilienda kumwambia, "Mama, mimi sina kitu cha kukurudishia."

"Nimekuuliza?"

"Basi Mungu akubariki."

"Amin. Lakini chupa urudishe, mnapenda kukaa na chupa za watu."

Hakunisomea aya. Kanisani kwetu ile habari ya mtu aliyeangukia wanyang'anyi huhubiriwa kila mwaka, na watoto huigiza, na kila mtoto anataka kuwa Msamaria. Hakuna anayetaka kuwa yule aliyelala barabarani. Mwaka huo sisi ndio tulilala barabarani, na niliwaona waliopita upande wa pili. Niliwajua kwa mwendo. Mmoja nilibatizwa naye siku moja, kwenye dimbwi moja.

Huyo ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani. Tumelima pamoja, tumezalishana. Alikuja akakaa kwenye kigoda changu, akaanza kwa kusifu kiondo nilichokuwa nasuka. Mtu akianza na kiondo, jua ana neno bovu.

"Mwaitu, mtoto atarudi lini?" Mwaitu kwetu ni mama.

"Kurudi wapi?"

"Kwake."

"Kwake ni hapa. Alizaliwa kwenye hicho kitanda unachokitazama."

"Wacha mchezo. Neno linasema wake wawatii waume zao."

"Linasema."

"Kwani mimi sikupigwa? Wewe hukupigwa? Si tuko hapa, tunasuka?"

"Na wale tuliozika?"

"Wale walikufa na homa."

"Homa yenye mpini," nikamwambia.

Aliondoka bila kumaliza chai. Chai yenyewe haikuwa na maziwa wala sukari, lakini chai ni chai.

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa mama mzima, kwenye masomo ya ngumbaru, na nilijifunza kwa sababu moja: nilitaka kusoma Biblia bila kushikiwa. Nasoma polepole, kidole kwenye mstari. Siku zile nilikuwa nakaa na ule ukurasa wa kutii, naurudia, kwa sababu sikutaka kushindana na Mungu kama kweli amesema mtoto wangu arudi akamaliziwe. Nilisema, Bwana, kama ndivyo, niambie mwenyewe, usimtume mtu. Kidole kikaendelea chini. Chini yake waume wanaambiwa wawapende wake zao kama miili yao wenyewe, na kwamba hakuna mtu anayeuchukia mwili wake, bali huulisha. Huulisha. Nililia hapo. Sikulia kwa furaha. Nililia kwa sababu nimekaa kwenye benchi ya kanisa tangu nikiwa msichana na hakuna mtu aliyewahi kunifikisha kwenye mstari huo siku ya kumrudisha mwanamke.

Wakaja Jumamosi, jua likiwa katikati, kwa gari dogo la kukodi. Mkwe wangu, mjomba wake, pasta wetu wa hapa na yule mwenyekiti wa akina mama. Na mbuzi. Walimnunua papo hapo mnadani, sijui walimtoa kwa nani, maana mwaka huo hata kupe walikuwa wamekonda na mbuzi huyo alikuwa na mafuta mpaka kwenye mkia.

Yafaa nieleze. Kwetu mke akikimbilia kwa wazazi kwa kupigwa, mume huja na mbuzi. Mbuzi huchinjwa, wazee hula, na maneno hufagiwa pamoja na mifupa. Lakini kuna kipande cha mama wa msichana, kinaletwa jikoni kwenye sahani yake peke yake. Mama akikila, binti hufunga mzigo siku hiyo hiyo. Asipokila, hata wanaume wamalize mbuzi mpaka kwato, hawajala kitu. Kwa sababu hiyo mbuzi wa namna hii hachinjwi kwanza. Kwanza mama huulizwa, mbuzi akiwa bado amefungwa kamba anatafuna majani. Akikataa, mbuzi huondoka alivyokuja na hakuna aliyeaibika.

Siku hiyo hawakuuliza. Kisu kilitoka kabla salamu hazijaisha. Siwacheki. Wazee wa jirani walikuwa wamefika tayari, hakuna aliyewaita, pua ziliwaita. Mzee wangu mwenyewe ndiye aliyeshika miguu ya mbuzi. Nilimwona anavyomeza mate na nikageuza uso, kwa sababu nimempenda miaka mingi na sikutaka kumwona hivyo.

Pasta alikuja mpaka mlango wa jikoni.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Huyu si mbuzi wa mila. Huyu ni mbuzi wa amani."

"Pasta, mwaka jana ulitufundisha kwamba mila zote ni za shetani. Huyu mbuzi ameokoka lini?"

Mjomba wa mkwe alicheka, akajikohoza. Pasta naye alitabasamu, yeye ni mtu wa kutabasamu. Akasema, "Mama, Bwana alisema tusamehe sabini mara saba," akarudi kwenye kivuli.

Nyama ikaiva. Kama hujakaa na njaa hujui harufu ya nyama. Inakushika kama mkono. Wajukuu walijipanga kwenye ukuta wa jikoni kama kuku wakati wa mvua, macho yote nje. Binti yangu alikuwa kwenye mkeka nyuma yangu na chupa yake ya maziwa na mrija. Ndipo mwenyekiti akaingia na sahani. Mbavu, na kipande cha ini juu, mafuta yanateleza.

"Kula, Mwaitu. Kula tu kidogo, hawa watoto nao wapate. Waangalie."

Niliwaangalia. Mdogo wao alikuwa anatafuna kidole chake.

"Na huyu atakula nini?" nikamwonyesha binti yangu. "Amenunuliwa nyama na hana mdomo wa kutafuna."

"Atakula huko kwake akipona."

Nilimgeukia binti yangu. Sikutaka kusema neno ambalo si lake, maana ni yeye atakayelala kwenye nyumba ile, si mimi. Nikamwuliza, unataka nini? Maneno yalipita katikati ya nyaya, na mate kidogo. "Mama. Nisemee."

Nikachukua sahani, nikatoka nayo.

Sisi Wakamba mama mkwe na mkwe hawatazamani machoni. Ni heshima. Ukimwona mkwe wako njiani, unakata kona, au unajifunika na leso. Tangu ntheo, mimi sikuwahi kumtazama yule kijana usoni. Nilikuwa najua viatu vyake na lile shati. Siku hiyo nilienda moja kwa moja mpaka kwenye kivuli cha ghala, ghala lenyewe tupu, nikasimama mbele yake, nikamtazama. Wazee waliguna. Ana macho ya kawaida tu. Nilikuwa nimetarajia kitu.

Nikasema, "Imeandikwa mwanamume ampende mke kama mwili wake. Fungua mdomo nione. Taya yako wewe imevunjika wapi?"

Pasta ndiye aliyejibu, kwa upole kabisa. "Mama, hatukuja hapa kubishana na Neno. Mkwe wako ametubu. Amelia mbele ya kanisa lao. Wewe ni nani umfungie mlango mtu ambaye Bwana amemfungulia?"

Na wazee wakaitikia, amina, nyama mdomoni. Mwenyekiti alikuwa ameshafika nyuma yangu, nikamsikia anasema pole pole, "Watoto, Mwaitu. Watoto wanaangalia." Nilihisi mafuta ya sahani yananipashia moto kidole gumba. Nikamkumbuka Esau, alivyorudi kutoka porini akiwa amechoka, akauza uzaliwa wake wa kwanza kwa bakuli la dengu. Siku zote nilikuwa namwona mjinga. Siku hiyo sikumwona mjinga. Nilimwona mtu mwenye njaa. Lakini yeye aliuza kilicho chake.

Nikaweka sahani chini, karibu na vile viatu.

"Nyama hii siili. Mtoto wangu harudi."

Kila mzee alikuwa na nyama mkononi au kinywani, na sasa ilikuwa nyama ya bure, ya aibu, huwezi kuitema wala kuimeza. Mzee wangu alishika kipande chake kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe. Mkwe aliinuka akapangusa suruali. Waliondoka, na pasta aliomba kabla ya kuingia garini, akaniombea moyo wa nyama badala ya moyo wa jiwe.

Jioni nilipika majani ya kunde. Wajukuu walikataa kuyala. Mkubwa wao alisema, "Susu ni mbaya." Mzee wangu hakumkemea. Aliniambia mimi, "Umenilisha aibu mbele ya watu wa rika langu."

"Aibu haikupikwa kwa sufuria yangu."

"Ungekula kidogo tu. Ungekula, kisha tukamrudisha akiwa amepona."

"Apone halafu avunjwe upya?"

Kwa muda mrefu tulikaa nyumba moja kama wapangaji. Mpaka leo kuna vitu havijarudi. Alikuwa akiniimbia akichonga mipini. Siku hizi anachonga kimya.

Kanisani nilitengwa na meza ya Bwana. Walisema ni mpaka nimsamehe mkwe. Mkate na kikombe vilinipita, na mwenyekiti, aliyekuwa anakaa nami bega kwa bega, alihamia benchi ya mbele. Sikuacha kwenda. Nilikaa nyuma kwa watoto wanaosinzia. Nawaandikia akina mama wenzangu jambo hili wazi: mimi nilimsamehe. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, nilimtaja kwa jina mbele za Mungu na kusema, Bwana, sitaki kisasi, umshike wewe. Ilikuwa kazi. Ukifika mchana imeota tena kama magugu, inabidi kesho uinamie jembe. Sabini mara saba naielewa hivyo. Si kwamba ukosewe mara zote hizo. Ni kwamba kosa moja linaweza kukudai msamaha kila siku mpaka unazeeka nalo. Lakini kumsamehe chui si kumrudishia mwana-mbuzi. Nilimwambia pasta hivyo. Alisema ninachanganya mambo.

Binti yangu alifunguliwa nyaya. Taya ilishika, lakini imeshika upande, akicheka uso unaenda kushoto. Hacheki sana. Alikuwa anaenda kukaa kando ya barabara ya lori, na nilijua anachokitazama. Siku moja nikamfuata nikakaa naye chini. Akasema, "Mama, nywele zake nani anamsuka?" Nilifungua mdomo nimpe aya, nikaufunga. Kuna wakati kumnukulia mtu Neno ni kumpiga. Nikamshika mkono tukakaa hapo mpaka jua likahama.

Mvua ilirudi. Tulipanda mbegu za kuomba, hazikuwa nzuri kama zangu, lakini ziliota. Kunde zilipoanza kutoa maua, lile gari dogo likaja tena.

Safari hii walifanya kwa utaratibu. Mbuzi alikuwa hai, amefungwa kamba, anakula majani ya ua wangu. Na aliyeshika kamba alikuwa yule mtoto wa binti yangu. Walikuwa wamemvisha gauni jipya la njano na viatu vinavyombana, niliona anavyokanyaga. Amerefuka. Alipomwona mama yake aliachilia kamba akakimbia, mbuzi naye akakimbia upande wake, na wazee wakamkimbilia mbuzi.

Binti yangu alipiga magoti kwenye udongo, akamshika. Akamnusa nywele, shingo, masikio. Mtoto alimgusa taya, akasema, "Mama, umepinda." Akasema, "Ndiyo, nimepinda."

Mjomba wa mkwe ndiye aliyesema. Alisema akitazama mbali, nadhani naye hakupenda kazi hiyo. "Mama, leo tumeuliza kwanza. Ukikubali, mbuzi achinjwe, na mtoto na mama yake waondoke pamoja leo. Ukikataa, mtoto anarudi na sisi. Ni wa kwetu, hilo mnalijua."

Mzee wangu alinitazama. Akavua kofia. Pasta alikuwa ameinamisha kichwa, anaomba. Mkwe alikuwa amesimama kwenye gari, shati jeupe. Na mimi niwaambie ukweli. Sahani ya nyama niliiweza. Mtoto yule sikumweza. Nilimwambia Mungu moyoni, hapa umenizidi, hapa siwezi kusema kitu, na nikifungua mdomo nitasema, nitakula, chinjeni, yaishe.

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa anamlegezea mtoto kamba za viatu, polepole, kimoja kisha kingine. Alimfuta kamasi na pindo la leso. Alimnong'oneza kitu ambacho sijawahi kumwuliza. Kisha akasimama, akamshika mkono, akampeleka mwenyewe mpaka kwa yule mjomba, akauweka mkono ndani ya mkono. Mtoto alianza kulia pale pale. Binti yangu alirudi akasimama kando yangu, bega lake likigusa langu.

"Nisemeje?" nikamwuliza.

"Sema ulivyosema, Mama."

Nikawageukia.

"Nyama hii siili. Mtoto wangu harudi."